Kitabu Kimepata Ithibati, Je, Kitasomwa?

Ndugu walimu, wakutubi na wachapishaji,

Nimeombwa nizungumzie tathmini ya vitabu vya watoto na vijana kwa ajili ya madarasa na maktaba za shule, na ningependa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo kwetu huchanganywa. Ya kwanza ni ya serikali, yaani kukagua kama kitabu kinafaa kuingia shuleni. Nchini Tanzania ilifanywa na kamati iliyojulikana kama EMAC hadi ilipovunjwa mwaka 2013, na sasa iko mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, inayoandaa vitabu vya kiada na kutoa ithibati kwa vile vya ziada. Wenzetu wa Kenya wanayo KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala. Kazi ya pili ni yenu: kuamua kama kitabu hiki kitasomwa na watoto hawa, katika shule hii. Mhuri wa ithibati hauligusi swali hilo, na hoja yangu leo ni kwamba tumeliacha bila mwenyewe.

Matokeo yake yanaonekana kabatini. Vitabu vingi vya hadithi vinavyouzwa kwa shule hufunga kila sura kwa maswali ya zoezi, na ukurasa wa mwisho humuuliza msomaji hadithi imemfundisha nini. Simlaumu mchapishaji, kwani mnunuzi wake ni shule. Lakini mtoto wa darasa la nne huitambua kazi ya shule hata ikipambwa kwa picha. Darasani maswali hayo yana nafasi yake. Maktabani ningechagua toleo lisilo nayo, na likikosekana ningemwacha mtoto arudishe kitabu bila kuhojiwa.

Katika lugha ndiko wakaguzi wengi hupita haraka mno. Vipimo vya ugumu wa matini vilivyobuniwa kwa Kiingereza huhesabu maneno ya sentensi na silabi za neno. Tukivichukua kama vilivyo vinatupotosha, kwa sababu neno letu moja hubeba nafsi, njeo (yaani wakati), kirejeshi (kama “-ye-”) na mtendwa kwa pamoja: “aliyemsaidia” lina silabi nane, na bado mtoto anayeanza shule hulielewa mara anapolisikia. Kinachomkwamisha akisoma ni konsonanti zilizosongamana. “Mbwa amenyweshwa” ni sentensi ya maneno mawili tu, lakini kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anaunganisha silabi ni ngumu kuliko “Baba analima shamba la babu”. Basi anayepima kitabu cha darasa la kwanza au la pili aziorodheshe silabi za kurasa tatu au nne, aone ngapi ni za aina ya mbw, nyw na ng'w, kisha alinganishe na zile ambazo darasa lake limekwisha kufundishwa.

Atazame pia mwisho wa mistari. Programu za kupangia kurasa mara nyingi hukata maneno kwa kanuni za lugha nyingine, na hivyo “nyumba” hukatwa “nyum-” mstari wa juu na “ba” mstari wa chini, ilhali mwalimu amefundisha “nyu-mba”. Mtu mzima haoni kitu hapo, ila mtoto husimama. Kwa umri huo neno lisikatwe kabisa.

Siku hizi tunazo pia hadithi za bure za mtandaoni, kama zile za African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014 unaotoa hadithi katika lugha nyingi za Afrika kwa leseni huria, yaani inayoruhusu yeyote kuzinakili na kuzitafsiri. Ni msaada mkubwa kwa shule isiyo na fungu la vitabu. Ubora wa tafsiri, hata hivyo, hutofautiana sana, na njia ya haraka ya kuupima ni kusoma mazungumzo kwa sauti. Mjukuu anapoingia kwa bibi yake wa Korogwe na kusema “Habari za asubuhi, Bibi”, bila shikamoo, na bibi akamjibu “Ninafurahi sana kukuona”, mtoto anayesikiliza atajua kwamba watu hawa hawatoki popote anapopafahamu.

Nakuja kwa wahusika. Pamoja na kuuliza kama kitabu kina matusi, mkaguzi aulize nani hakupewa jina. Katika hadithi zetu za mjini dada wa kazi hupika, hufua, huwapeleka watoto shule, na hufika ukurasa wa mwisho akiwa “dada” tu, huku hata paka ana jina. Mtoto mwenye ulemavu naye mara nyingi huletwa ili wengine waoneshe huruma, na mtoto mwenye ualbino huletwa ili tuogope. Sisemi vitabu hivyo vichomwe. Nasema mwalimu ajue anachoweka mbele ya darasa ambalo huenda mtoto wa aina hiyo amekaa dawati la mbele.

Kwa vijana hali ni nzito zaidi. Miaka ya UKIMWI ilituletea riwaya fupi nyingi zenye nia njema, ambamo msichana akipenda hupata mimba, akipata mimba hufukuzwa shule, na mara nyingine hufa. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurejea shuleni, kwa hiyo kitabu kinachomwambia kwamba masomo yamekwisha kinampa habari isiyo kweli, hata kama kilipata ithibati siku za nyuma. Hiki si cha kupigwa marufuku. Kikisomwa darasani, mwalimu aseme utaratibu umebadilikaje, na kikiwa peke yake rafuni, kiondolewe.

Marufuku zipo, nazo zina wenyewe. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilizuia vitabu 16 shuleni kwa hoja ya mila na maadili. Agizo hutekelezwa. Ila orodha ya yaliyokatazwa haimwambii mkutubi anunue nini, na mwalimu mwenye hofu huona kabati lililofungwa ndilo salama. Wakati huohuo wanafunzi wake wanasoma simulizi za mapenzi na za kijasusi kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, bila mhariri wala mkutubi. Kwa kijana wa aina hii ningetafuta kwanza kitabu chenye fumbo na mwendo, maadili yake niyapime baadaye.

Kuhusu umbo la kitabu nitasema machache: pini za katikati hupata kutu upesi pwani, gundi hafifu huachia kurasa, na karatasi nyembamba huonesha picha ya upande wa pili.

Mwisho, kila kitabu kinachoingia au kukataliwa kiandikiwe nusu ukurasa: nani alikisoma chote, watoto waliosomewa walichoka wapi, kasoro gani ilionekana na kwa nini kimekubaliwa hata hivyo, pamoja na tarehe. Mzazi akija na malalamiko, mwalimu mkuu atakuwa na la kumwonesha. Daftari hilo libaki shuleni na lisomwe upya kila baada ya miaka michache, kwa kuwa walimu huhamishwa, na anayekuja hana namna ya kujua kwa nini kitabu fulani kimo kabatini.