Hifadhi Tempo Kabla ya Kupanda Jukwaani

SALUM: Karibuni tena. Leo tunazungumzia pedali isiyotoa sauti hata moja: pedali ya saa ya MIDI, yaani ile lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme hutumia kuwasiliana. Neema, kwenye bendi wewe ndiye unayeikanyaga. Kazi yake hasa ni nini?

NEEMA: Kuvipa vyombo vingine mwendo mmoja. Inatuma tiki 24 kwa kila robo noti, yaani pigo moja la kawaida. Watu hudhani inatuma nambari ya tempo, labda 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Haitumi nambari yoyote! Dilei, kile kifaa cha mwangwi, au mashine ya ngoma ndiyo inayopima mwanya kati ya tiki moja na nyingine, ikajua mwendo. Kwa tempo ya 120 mwanya huo ni kama milisekunde 21.

SALUM: Na nambari yenyewe?

NEEMA: Inakaa ndani ya pedali. Kwa hiyo usipoihifadhi pale, haipo popote.

SALUM: Mimi nimezoea kuigonga pedali kwa mguu ili isome mwendo. Wimbo ukianza nagonga mara mbili, tunakwenda.

NEEMA: Hapo sikubaliani nawe, bwana. Kwenye 120, pigo moja ni milisekunde 500. Mguu ukiwahi kwa milisekunde 10 tu, pedali inasoma 122.4. Mpiga ngoma yuko pale pale kwenye 120, na mwangwi wa gitaa unazidi kumtangulia. Ukigonga mara nne au tano, pedali nyingi huchukua wastani, kosa linapungua. Lakini kazi hiyo ifanyike mazoezini, mwimbaji akiimba kwa sauti kamili, maana yeye ndiye anayejua anahitaji kuvuta pumzi wapi. Gonga, soma nambari, ongeza au punguza mpaka aridhike, kisha hifadhi.

SALUM: Kuhifadhi kwenyewe?

NEEMA: Soma kitabu cha pedali yako, kwani kila moja ina njia yake. Nyingi zinataka ushikilie swichi mpaka taa ikonyeze. Halafu jaribu: hamia nafasi nyingine ya kuhifadhia tempo, urudi. Tempo uliyogonga tu bila kuihifadhi hupotea ukihama nafasi.

SALUM: Tuje kwenye chakacha, maana huku Mombasa hatuikwepi.

NEEMA: Enhe! Hapa ndipo watu wengi hunasa. Chakacha ni sita kwa nane. Mguu wako unahisi mapigo mawili makubwa katika kila kipimo, na kila pigo kubwa lina thumuni tatu, yaani noti za moja ya nane. Saa ya MIDI haijui hilo, yenyewe inahesabu robo noti, yaani thumuni mbili. Sasa kama mapigo makubwa ni 100 kwa dakika, unahifadhi ngapi?

SALUM: Mia.

NEEMA: 150. Zidisha kwa moja na nusu. Ukiweka 100, kipimo kinachotakiwa kuchukua sekunde 1.2 kitachukua 1.8 kwenye mashine ya ngoma. Wachezaji watasimama tu.

SALUM: Lakini dilei ikiwa kwenye robo noti itaonekana sawa.

NEEMA: Ndiyo, na hapo inakudanganya. Kwa 100, robo noti ni milisekunde 600, sawasawa na pigo lako kubwa. Sogeza dilei kwenye thumuni ndipo utasikia: inakata pigo vipande viwili badala ya vitatu, na mdundo wa chakacha umekwisha. Nakuomba sana, kwa nyimbo za sita kwa nane pima kwa thumuni, usiamini robo.

SALUM: Na kuhama wimbo hadi wimbo?

NEEMA: Panga nafasi zifuate orodha ya nyimbo za usiku huo, ili ukanyage swichi ya mbele tu. Na usiikanyage mwangwi ungali hewani. Dilei nyingi tempo ikibadilika ghafla hupindisha sauti iliyobaki, ikapanda au kushuka kama kanda iliyokwama. Ngoja mwangwi wa mwisho ufifie, kisha kanyaga.

SALUM: Na mwimbaji akitaka kuongea na watu katikati?

NEEMA: Kanyaga mapema, wakati anaongea. Saa iendelee kutuma tiki, dilei ipate muda wa kutulia kwenye mwendo mpya kabla gitaa halijaingia.