Fildi ya Agosti

Asanteni. Kaeni, kaeni. Mliosimama nyuma, viti vipo huku mbele, havijawahi kung'ata mtu.

Wengi wenu mmeshanisikia juu ya fildi, haya mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wetu, na najua wapo waliokuja kuhesabu nitataja mahindi mara ngapi. Hesabuni. Wala leo simnukuu Mwalimu na Elimu ya Kujitegemea. Kila mtu anamnukuu, halafu Agosti ikifika tunapakia vijana kwenye mabasi vilevile.

Agosti! Hapo ndipo panaponiuma. Kijana anasomea kilimo miaka mitatu. Tunampa wiki nane za kukaa na wakulima, na tunampeleka lini? Masika yamekatika Mei, mahindi yamevunwa, yamo kwenye magunia au yameshauzwa. Anakuta mabua na mbuzi.

Nilimsimamia binti mmoja kule Kilosa, hodari kweli darasani. Dodoso lake lilihusu viwavijeshi vamizi, hawa waliotuingilia mwaka 2017. Kurasa kumi na moja. Tumekaa chini ya mwembe na mzee mmoja, binti anauliza: "Babu, mashambulizi ni ya kiwango gani: madogo, ya kati, au makubwa?" Mzee akalitazama shamba, mabua matupu mpaka mtoni. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe umekuja kuzika baada ya arobaini."

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa aibu, maana dodoso lile nililipitisha mimi.

Lakini hakutufukuza. Akaokota bua, akalisimika mchangani, akatuonyesha mkewe anavyopita kwenye mistari asubuhi na kikopo cha majivu, anatia kwenye moyo wa mhindi, pale kiwavi anapojificha. Kiasi gani? Vidole vitatu. Mwaka mmoja walizidisha, majani yakaungua. Binti akatafuta pa kuandika. Dodoso halikuwa na nafasi ya vidole vitatu! Akaandika pembeni ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Ile pembeni ndiyo ilikuwa fildi yake yote. Zile kurasa kumi na moja angeweza kuzijazia hosteli.

Na majivu yanafanya kazi kweli? Hilo sasa ndilo swali la mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mpe robo eka mahindi yakiwa machanga, nusu atie majivu, nusu asitie, ahesabu majani yaliyoliwa. Agosti atahesabu nini? Mbuzi?

Najua kuna mtu hapo anasema kimoyomoyo, mzee huyu amesahau Mgeta, kule milima ya Uluguru. Sijasahau. Mgeta mboga zipo hata kiangazi, kwa maji ya mifereji. Basi wapelekeni Mgeta! Lakini mwanafunzi anaenda anakoishi shangazi yake, kwa sababu bumu la fildi, ile posho ya mkopo, halilipi chumba na chakula. Hilo nitalifikia.

Na kwa kuwa tumepanda Uluguru, tusishuke bila kukumbushana. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kwenye karatasi yalipendeza. Mlimani udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unaleta juu ule mfu. Waliokuwa wakilima pale walijua, hawakuulizwa. Mwaka 1955 ikawa vurugu, Matombo ikamwagika damu. Sisi hatupeleki polisi, tunapeleka madodoso, lakini orodha ya maswali bado tunaifunga chuoni kabla hatujaonana na mtu.

Ninachotaka ni kidogo. Zigawanyeni zile wiki nane. Mbili wakati wa kupanda, mbili za palizi, nne za mavuno, kijiji kilekile. Mtaniambia ratiba ya mitihani hairuhusu. Ratiba aliiandika nani, Mungu? Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, wanafunzi wa udaktari hupelekwa kwenye jamii tangu mwaka wa kwanza na hurudi tena miaka inayofuata. Nao wana mitihani.

La pili, majibu yarudi kijijini. Si ripoti ya kurasa arobaini. Karatasi moja ya Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa kijiji na mwanafunzi mwenyewe akiwa amesimama, aulizwe maswali. Akishindwa kujibu hapo, ile A yake tutaijadili.

La tatu ni logibuku, daftari za kazi za kila siku, zinazojazwa usiku mmoja, kalamu moja, wino wa rangi moja kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho... mnacheka, mnajijua. Na wale waliopelekwa ofisini wakatoa kopi na kuchemsha chai wiki nane, nilikuwa na mengi kwa ajili yao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bumu sijaligusa, nisameheni. Yule dada wa Bodi ya Mikopo aliyekaa karibu na dirisha ameponea chupuchupu. Naona mkono umeshanyooshwa kule nyuma. Karibu, kijana, ila kama unataka kuniambia kuhusu vuli, ninayo majibu yake.