Grisi Huzeeka Kabla ya Risasi

Ndugu zangu walenga shabaha, nawashukuru kwa kuja. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachotoka mtutuni. Leo naomba tuvitenganishe. Nikisema risasi, nakusudia madini. Nikisema vichwa, nakusudia vile tunavyovisubu wenyewe kwenye kalibu, tukavipaka kilainishi na kuviweka akiba. Mengi ninayoulizwa kuhusu akiba hiyo chanzo chake si risasi. Ni grisi, yaani hicho kilainishi.

Hilo nililijua kwa hasara. Niliwahi kufungua kopo la vichwa nilivyovipaka mchanganyiko wa shahamu na nta, nikavisahau miaka kadhaa stoo, juu kabisa karibu na paa. Mafuta yalikuwa yamejitenga na kutuama chini ya kopo. Mifuo ya vichwa, pale grisi inapopaswa kukaa, ilikuwa nusu tupu, na kilichobaki kilikuwa kigumu, kinamomonyoka kwa ukucha. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake. Nilipofuta nikakuta chini yake ukoko wa kijivu. Shahamu inapochacha hutoa asidi, na asidi hizo hushikana na risasi zikafanya kitu cha aina ya sabuni. Kazi yangu ya siku nzima ilikuwa imeharibiwa na kile nilichokipaka ili kuisaidia.

Tazameni tofauti ya joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na shahamu huyeyuka mapema zaidi. Mafuta tunayoyachanganya na nta ili ilainike huanza kuvuja hata kabla nta haijayeyuka. Kwa hiyo stoo ambayo risasi haiisikii kabisa, kwa grisi ni mateso.

Grisi iliyovuja inakwenda wapi? Ikifika kwenye kitako cha kichwa, itagusana na baruti ndani ya ganda, na baruti iliyolowa mafuta haiungui inavyotakiwa. Ikibaki inanata ubavuni, itaokota chembe za mchanga, nanyi mtazipitisha ndani ya mtutu.

Lakini kuna jambo moja naomba mlisikilize kwa makini kuliko yote. Tunapokishindilia kichwa kwenye ganda, mabaki ya grisi hubaki ndani ya kifaa cha kushindilia. Leo tabaka jembamba, kesho jingine. Hayaonekani. Baada ya muda tabaka hilo linakisukuma kila kichwa chini kuliko kipimo mlichokiweka, na katika maganda mafupi ya bastola kichwa kikizama zaidi, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Kiasi cha baruti hakijabadilika, kipimo cha mizani ni kilekile, na bado mkononi mmeshika kitu cha hatari. Pimeni urefu wa ganda pamoja na kichwa chake mara kwa mara mnapoendelea na kazi, na mkifungue kifaa mkisafishe. Kupima la kwanza tu hakutoshi.

Vilainishi vya majimaji kama Alox navyo vina shida yake: vikipakwa kwa wingi havikauki, hubaki vinanata miezi na miezi. Pakeni kidogo sana, kisha mnyunyizie poda laini kama talki.

Sasa unga mweupe. Huu mara nyingi hauletwi na grisi, unaletwa na sanduku. Zamani, huko Uholanzi, rangi nyeupe ya wachoraji ilitengenezwa kwa kuweka vipande vya risasi juu ya siki ndani ya vyungu, na kuvizungushia samadi iliyotoa joto na kaboni dioksidi. Baada ya wiki nyingi risasi ilikuwa imegeuka unga. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi hiyohiyo ya siki, na mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa asidi za jamii hiyo. Anayeweka vichwa kwenye droo ya mwaloni amejenga kiwanda kilekile, ila kinakwenda polepole. Tumieni mitungi ya kioo au makopo ya plastiki yenye kifuniko, mahali pakavu na baridi.

Ushauri wangu ni huu: wekeni akiba vichwa vitupu, mvipake siku mnayokaribia kuvitumia. Mwenye kuchanganya risasi na antimoni, madini ya kuigumisha, ajue kwamba vichwa huendelea kuwa vigumu kwa siku na hata wiki kadhaa baada ya kusubiwa, kwa hiyo kama vinahitaji kupunguzwa kipenyo, afanye hivyo mapema, grisi ije baadaye.

Vilivyokwisha kuchafuka, futeni kwa kitambaa chenye taipentaini, nje penye hewa, glavu mkononi. Msivichemshe kwenye sufuria ya jikoni. Vyenye unga mweupe msivipulize wala kuvisugua vikiwa vikavu, kwani unga huo ni sumu inayoingia mwilini kwa urahisi. Vilowesheni mafuta kwanza. Grisi nayo hubeba risasi hadi vidoleni, na kutoka vidoleni hadi kwenye chakula na mashavu ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vitambaa vilivyotumika visichanganywe na nguo za nyumbani.

Hapa mezani nimeweka makopo mawili, moja la vichwa vitupu na moja la vile vya shahamu nilivyowasimulia. Karibuni mvitazame. Glavu ziko kwenye kiboksi upande wa kushoto, vaeni kwanza.