Foleni ya Watu Wasioumwa

Mabibi na mabwana, uchunguzi wa saratani ninaouzungumzia leo ni wa mtu asiyeumwa. Hana uvimbe, kala vizuri na kalala vizuri. Kaitwa kwa barua tu, apigwe picha ya matiti, apimwe mlango wa kizazi, au alete kinyesi kiangaliwe kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Mambo yakichafuka, huyu ndiye wa kwanza kuahirisha, na mimi simlaumu.

Shirika la Afya Duniani liliitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye Uholanzi ilisimamisha uchunguzi wa saratani ya matiti, mlango wa kizazi na utumbo mpana. Kabla ya Machi kwisha, Scotland nayo ilisimamisha.

Tupige hesabu kidogo. Wanawake wanaitwa kila baada ya miaka miwili, kituo kimefungwa miezi mitatu: mmoja kati ya wanane kakosa zamu yake. Kuwamaliza hao ndani ya mwaka kunataka kazi iongezwe kwa robo nzima. Na kituo kilipofunguliwa kilifanya pungufu, si zaidi! Mashine ifutwe kila mtu anapotoka, viti vitenganishwe, wahudumu wengine wako karantini. Waholanzi waliishia kurefusha muda kati ya picha mbili za matiti kutoka miaka miwili hadi kufikia mitatu.

Na hao ni wanaotaka kuja. Kuna aliyeogopa kuambukizwa hospitalini, mwaliko ukampita, akaona mbona hakuna lililomtokea. Kuna kibarua ambaye siku ya kupimwa ni siku bila ujira; huyo alikuwa haji sana hata kabla ya janga.

Dawa iliyotajwa sana ni kupimia nyumbani: sampuli ya kinyesi kwa posta, au mwanamke kujichukulia mwenyewe sampuli ya kupima virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Naiunga mkono, hasa kwa anayeona aibu kuvua nguo mbele ya mgeni. Lakini kinyesi kikikutwa na damu, posta imefika mwisho wake. Mtu lazima aingizwe kamera kwenye utumbo, na chumba cha kamera ni kilekile cha hospitali, na daktari wake ni yuleyule aliyekuwa kahamishiwa wodi ya wagonjwa wa UVIKO.