Kipindi cha wiki: Tope, spaiki na tepu

REHEMA: Karibuni. Waliokuwa kwenye mbio za nyika Jumamosi wanajua: mzunguko wa pili, pale chini ya mteremko, mwenzetu wa klabu kiatu kilimvuka, akamaliza na soksi. Leo basi tuna mambo matatu: viatu, kupanda kilima chenye tope, na pointi za timu. Kocha?

KOCHA: Viatu kwanza. Kiatu huweza kuvuka hata kikiwa kimefungwa. Tope likishaikumbatia soli yote, hewa haipiti chini. Ukivuta mguu, kisigino kinatangulia kutoka, kiatu kinabaki.

REHEMA: Ndiyo maana nasema tepu.

KOCHA: Tepu tena, dada!

REHEMA: Tena. Ile ya kufungia nyaya za umeme, inayovutika. Zungusha mara mbili juu ya fundo, ipite chini kwenye uwazi wa katikati ya wayo, nyuma ya meno, yaani spaiki za chini ya kiatu. Ikisogea mbele itafunika meno na utateleza.

KOCHA: Mguu huvimba ukikimbia. Ukikaza tepu kabla hujapasha mwili, mbele huko vidole vinakufa ganzi. Kamba inatosha. Kuna tundu la juu kabisa ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba humo upande uleule, ifanye kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha kila ncha ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili. Vuta kuelekea chini ndipo ufunge. Sasa lowesha kamba, kimbia polepole dakika kumi, ufunge upya, maana kamba ikilowa hulegea.

REHEMA: Hicho kitanzi kinazuia kisigino kucheza. Fundo je? Nyasi zinalivuta, tope linalifungua.

KOCHA: Funga mara mbili, chomeka ncha chini ya kamba.

REHEMA: Kwenye udongo mwekundu, sawa. Ule mweusi unaonata utazichomoa ncha zote.

KOCHA: Huo mweusi ndio unaonifanya niikatae tepu. Ikipita chini ya wayo, tope linapata pa kushika, kiatu kinakuwa kizito kila hatua.

REHEMA: Linashika hapo hata bila tepu.

KOCHA: Si kiasi kile.

REHEMA: Kocha, fikiria timu. Kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa wanakimbia sita, zinajumlishwa nafasi za wanne wa kwanza, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Mtu wa nne akisimama kutafuta kiatu, wanaompita wote wanaingia kwenye hesabu ya wenzake. Tepu ni bei ndogo kwa hilo.

KOCHA: Na wa nne akifa ganzi vidole, atapitwa na wangapi? Mimi kwa wanariadha wangu, hapana.

REHEMA: Mimi nitaendelea kuwafunga wangu. Tuseme meno.

KOCHA: Nyasi kavu, milimita 9. Zikilowa, 12. Tope zito, 15. Kanuni za World Athletics zinaruhusu hadi 25 nje ya uwanja wa tatani, ule wa mpira, lakini njia ikiwa na kipande cha murram, meno marefu yatakuumiza wayo. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za jino kabla ya kukaza kwa spana, la sivyo tope na kutu vitaligandisha. Soksi ziwe nyembamba, zisiwe za pamba. Pamba inanyonya maji.

REHEMA: Na tepu juu ya...

KOCHA: Rehema.

REHEMA: Fundi wa sauti ananionyesha dakika moja. Kilima hatukukigusa.

KOCHA: Wala pointi, ila ulivyozichomeka. Niseme moja la baada ya mbio: ng'oa meno siku hiyohiyo, osha viatu kwa maji baridi, jaza magazeti ndani, anika kivulini. Jua kali na moto vinaachisha gundi ya soli.

REHEMA: Muda umekwisha. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, njooni na spana.