Seli Iliyogoma Kukomaa

Kabla sijaanza, kila mtu ajikune kidogo mkononi. Ule ungaunga mweupe uliobaki chini ya ukucha ni seli zilizokufa. Kiasi cha mwezi mmoja uliopita zilikuwa hai, chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, zikigawanyika. Kisha zikaacha kugawanyika, zikapanda, zikajaa keratini (protini ngumu ya kucha na nywele), zikapoteza kiini, zikafa. Kwa seli ya ngozi, kufa hivyo ndiko kukomaa. Ya saratani hugoma.

Nani huamua? Si jeni peke yake, maana seli ya chini na ile inayopanda zina jeni zilezile. Huamua protini zinazoshika DNA, zikawasha jeni hii na kuzima ile. Mojawapo ni p63. Mwaka 1999 watafiti waliwanyima panya jeni yake. Watoto wakazaliwa bila ngozi ya kuwakinga na bila miguu kamili, na hawakuishi. p63 ndiyo inayozifanya seli za chini zibaki changa. Mshindani wake ni Notch, protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli. Ikiguswa na seli jirani hukatwa, kipande kikaingia ndani ya kiini na kuamrisha: komaa.

Mionzi ya jua mara nyingi huharibu jeni za Notch, na ya p53 pia, protini inayozuia seli zilizoharibika zisigawanyike. Ndipo saratani ya seli bapa, mojawapo ya saratani za ngozi, inapopata mwanya. Itazameni kwenye hadubini: pembezoni mwa uvimbe seli ni changa, zinagawanyika, katikati kuna viduara vya keratini, ambavyo wataalamu huviita lulu. Yaani hata ndani ya uvimbe wapo wanaokomaa! Lulu zikitoweka kabisa, daktari huanza kuwa na wasiwasi.

Melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ina bwana wake, protini MITF inayowasha na kuzima jeni, na huyu alinisumbua sana nikiwa mwanafunzi. Ikiwa nyingi, seli hutengeneza rangi au hugawanyika. Ikipungua, seli hupunguza kugawanyika lakini huanza kuhama. Kwa hiyo swali la “nzuri au mbaya” halina maana. Ulizeni kiasi gani.

Je, tunaweza kuilazimisha seli ikomae? Kwenye aina moja ya saratani ya damu, dawa ya jamii ya vitamini A hufanya hivyo. Dawa za ukoo huohuo hupunguza uvimbe mpya wa ngozi kwa watu waliopandikizwa figo. Wakiziacha, uvimbe hurudi.