Kuunganisha: somo la Ulaya kwa kampuni changa za usafiri za Marekani

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliotoka kazini mkaja hapa moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani, asanteni sana. Najua humu ukumbini wapo wanaobeba abiria kwa programu za simu, wapo wanaoziandika programu zenyewe, na wapo wachache ambao wameshanong'ona nami kwamba wanataka kufungua kampuni ya usafiri hapahapa Texas Kaskazini. Nitasema na wote, ila hao wa mwisho nitawatazama zaidi.

Nianze na neno tunalolijua sote. Ukimwuliza mtu wa Mbagala, Dar es Salaam, anafikaje Mwenge, atakwambia, "Naenda mpaka Kariakoo, halafu naunganisha." Ndani ya neno hilo kuna nauli ya pili, kuna kusimama juani, kuna kutojua gari la pili litakuja lini na likija kama litakuwa na nafasi. Tangu Uber ianze San Francisco mwaka 2009, kampuni changa za Marekani zimetuletea kila aina ya chombo cha kupanda: gari la mtu binafsi, basi dogo la kifahari, baiskeli, skuta ya umeme. Kuunganisha wamekuacha kulekule kulikokuwa. Ulaya wamekuhangaikia kwa zaidi ya nusu karne, na hilo ndilo lililonileta kuzungumza nanyi.

Twende Hamburg, mwaka 1965. Mji ule ulikuwa na treni za chini ya ardhi na mabasi ya kampuni ya Hochbahn. Treni za kwenda vitongojini zilikuwa za shirika la reli la taifa. Kulikuwa na mabasi ya wengine, na vivuko vya mtoni. Ukishuka kwa huyu na kupanda kwa yule, unalipa upya. Wakati huohuo watu walikuwa wakinunua magari yao, na abiria wakipungua. Basi wakakaa mezani wakaunda muungano, wa kwanza wa aina yake duniani, unaoitwa mpaka leo HVV. Naomba mlisikilize vizuri hili: hakuna kampuni iliyomezwa. Kila mmoja alibaki na magari yake na wafanyakazi wake. Walichoweka pamoja ni ratiba na nauli. Fedha za tiketi zinaingia chungu kimoja, kisha wanagawana kwa kanuni waliyokubaliana. Abiria anakata tiketi moja, na mpaka kati ya kampuni na kampuni haumhusu tena. Munich wakafuata mwaka 1972, mwaka wao wa Olimpiki, na Zürich mwaka 1990.

Sasa linganisheni na eneo la Ghuba ya San Francisco, ambako ndiko kitovu cha kampuni changa za dunia nzima. Eneo hilo lina mashirika 27 ya usafiri wa umma. Ishirini na saba! Nami huwa najiuliza kwa uchungu: vichwa vyote vile vyenye akili, mabilioni yale yote ya wawekezaji, na kazi ya kumtoa mama mmoja kwenye basi la shirika moja hadi treni ya shirika jingine bila kusumbuka haikuonekana kuwa kazi ya maana?

Niwapeleke Uswisi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipofunguka macho. Mwaka 1982 Waswisi walianza ratiba ya treni inayojirudia kila saa. Kama treni ya kijijini kwako inaondoka saa mbili na dakika 12, basi itaondoka saa tatu na dakika 12, saa nne na dakika 12, hivyohivyo mpaka usiku. Huhitaji kukariri kitu zaidi ya hiyo 12. Mwaka 1987 wananchi wakapiga kura kukubali mpango mkubwa wa reli ulioitwa Reli 2000. Kwingine wahandisi wangeanza kwa kuuliza treni inaweza kukimbia kasi gani. Hawa walianza kwa kuuliza treni inatakiwa kufika saa ngapi ili watu waunganishe. Kutoka Zürich hadi Bern ilikuwa safari ya zaidi kidogo ya saa moja, na huo uzidifu mdogo ndio uliokuwa balaa: ukiingia Bern saa imeshapita kwa dakika chache, treni za kwenda kwingine zimeshaondoka, unakaa kungoja saa nzima. Wakajenga kipande kipya cha reli kati ya Mattstetten na Rothrist, kikafunguliwa Desemba 2004, na safari ikawa dakika 56. Kwa nini 56 na si 45? Kwa sababu 56 zinatosha. Treni inatoka Zürich dakika mbili baada ya saa, inaingia Bern dakika mbili kabla ya saa inayofuata. Karibu na saa kamili, treni za pande zote zinaingia stesheni pamoja, watu wanavuka kutoka jukwaa moja hadi jingine, kisha zinatoka. Kupunguza dakika nyingine kumi kungegharimu fedha nyingi, na abiria angefika mapema ili akae kwenye benchi.

Siku moja nilishuka kituo kidogo huko milimani, mvua inanyesha, na treni yetu ilikuwa imechelewa dakika tatu. Nje ya kituo basi la posta, lile la njano, lilikuwa limesimama na mlango wazi. Dereva ameshuka, yuko chini ya mwavuli, anatutazama tunavyotoka mmojammoja kama mtu anayehesabu mbuzi jioni. Nyuma kabisa alikuwapo bibi mmoja anayekokota kigari chake cha mboga. Dereva alimngoja. Akamwinulia kile kigari, akakisukuma pembeni kisizibe njia, ndipo akaenda kushika usukani. Hakuna aliyemwomba asubiri, na hakuna aliyetoa nauli ndani ya basi lile kwa muda niliokuwa natazama. Tiketi niliyoikata Zürich ndiyo iliyonifikisha mpaka mwisho wa safari.

Rudi nayo picha hiyo Marekani. Septemba 2017 kampuni ya Bird ilianza kutawanya skuta za umeme katika mji wa Santa Monica, California, bila kibali. Kabla mwaka haujaisha mji ulikuwa umeipeleka mahakamani, na Februari 2018 ikakubali kulipa zaidi ya dola 300,000. Mwezi uliofuata San Francisco nao wakaamka na kukuta skuta za kampuni tatu zimelala njiani kwa waenda kwa miguu. Ilipofika Juni zikaamriwa kuondolewa. Mwaka huohuo Bird ikathaminiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni mbili. Desemba 2023 ikaenda mahakamani kwa sababu ya kufilisika.

Wengi wakisimulia habari hii husema kosa lilikuwa ni kuingia bila hodi. Ni kweli, mgeni hapigi kambi sebuleni kwa watu. Lakini naona kosa jingine kubwa zaidi. Skuta iliyoachwa popote haikuungana na kitu chochote. Ilikuwepo ulipokuwa huna haja nayo, na ulipotoka treni saa kumi na mbili asubuhi haikuwepo. Waholanzi wana baiskeli za kukodi ziitwazo OV-fiets. Ziko kwenye stesheni za reli, na kadi ileile uliyopandia treni ndiyo inayokupa baiskeli. Haina mvuto kwa mwekezaji. Na chini ya stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, saa 24 za kwanza bure. Mtu anaendesha baiskeli mpaka ndani, anaiacha, anapanda ngazi, yuko kwenye treni.

Msidhani nawapaka Wazungu mafuta. Paris ilizichuja kampuni za skuta mpaka zikabaki tatu, ikaweka kikomo cha skuta 15,000, na bado wakazi walipopiga kura tarehe 2 Aprili 2023 karibu asilimia 89 walisema ziondoke, ingawa waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia nane. Kule Helsinki kulikuwa na programu iitwayo Whim, iliyoanza 2016 na kusifiwa kila mahali: treni, basi, teksi na gari la kukodi vyote ndani ya simu moja, na kifurushi kikubwa cha euro 499 kwa mwezi. Kampuni yake ilifilisika mwaka 2024. Vijana mnaoandika programu, Whim ndiyo nataka mwichunguze kuliko Bird. Wazo lao lilikuwa zuri. Lakini chungu hakikuwa chao. Walinunua safari kwa wenye magari na kuziuza tena, na mchuuzi asiye na sauti katika bei ya jumla hula makombo. Hamburg walianza na mkataba wa kugawana fedha. Programu ya simu ikaja miongo kadhaa baadaye na ikakuta kazi ngumu imeshafanyika.

Tuje nyumbani sasa, Arlington, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Wengine mnaishi huko. Mji wa watu karibu laki nne, una uwanja wa Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, na kwa miaka mingi ulijulikana kuwa mji mkubwa kuliko yote Marekani usio na usafiri wa umma. Walikuwa na njia moja ya basi tangu 2013. Desemba 2017 wakaiondoa, wakaingia mkataba na kampuni ya Via ya New York: unaita gari kwa simu, unatembea mpaka kona ya karibu, gari linawaokota wengine njiani. Januari 2021 huduma ikaenea mji mzima. Via ilianza kwa kumuuzia abiria safari mmojammoja, kama wengine. Ikaenda Ulaya, ikafanya kazi na shirika la usafiri la Berlin, na mwishowe ikaacha kushindana na miji ikawa inaiuzia miji huduma. Kampuni nyingi za rika lake zimeshakufa. Chariot, kampuni ya mabasi madogo iliyonunuliwa na Ford mwaka 2016, ilifungwa mwanzoni mwa 2019. Bridj ilifungwa 2017.

Naisifu Via, lakini sijaridhika. Gari dogo la kuitwa haliwezi kubeba watu kama basi la njia kuu, na huko Berlin huduma ile ilifungwa mwaka 2022. Iliyokuja baada yake iliwekwa vitongojini mashariki, kulisha vituo. Hapo ndipo mahali pake. Gari la Via la Arlington linafika CentrePort, kituo cha treni ya TRE iendayo Dallas na Fort Worth. Lakini kufika kituoni na kuunganisha ni mambo mawili tofauti.

Nanyi madereva, msione nimewasahau. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Uber ni huduma ya usafiri, hivyo nchi zinaweza kuiwekea masharti ya usafiri. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba madereva wake ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. California, Novemba 2020, kampuni zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kuwashawishi wapiga kura waamue kinyume chake, na zikashinda. Mrudieni yule dereva wa basi la njano. Aliweza kumngoja bibi kwa sababu zile dakika tatu alikuwa analipwa. Wewe unayelipwa kwa safari, dakika tatu za kumngoja mtu zinatoka mfukoni mwako.

Kwa hiyo wanaotaka kufungua kampuni, msianze na chombo. Anzeni na dakika. Jumamosi ijayo nitakuwa CentrePort kuanzia saa moja asubuhi, nina daftari na saa ya mkononi, nikiandika kila treni inayoingia, nani anashuka, na anasimama pale muda gani mpaka apate gari la kumpeleka kazini. Nikipata watu wanne wa kunisaidia tutaweza kuhesabu mpaka saa saba mchana. Chai nitaleta mimi.